Mambo Ambayo Mjomba Hakuyawaza

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, upara wako haujambo, na mkaza mjomba naye hajambo kabisa. Sisi huku tunaendelea. Mama amepata miwani mipya, kwa hiyo sasa anaona vumbi, na tangu alione hakuna anayepumua ndani ya nyumba ile. Nilipokwenda kumsalimu alinipokea na ufagio mkononi. Anasema wewe kaka yake umemsahau.

Mimi bado nakaa kwenye kile chumba nilichokueleza, kile ambacho mlango ukifunguka unagonga godoro. Nimejifunza kuingia kwa ubavu. Asubuhi nalisimamisha godoro ukutani nipate pa kukanyaga, na jioni linaniangukia kichwani. Ndiyo maisha mliyoniombea.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu zipo. Simu yako uliifumua zamani ukatengeneza kengele ya banda la kuku, na ile iliyobaki anayo mkaza mjomba, ambaye akipokea huweka sauti ya juu mpaka majirani wanaitikia salamu. Jambo langu si la majirani. Ndiyo maana naituma kwa anwani ya kazini kwako.

Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, na kama umeliamini hilo basi kweli umezeeka.

Mjomba, maji yamenifika shingoni. Unajua niko kampuni ya vifurushi, kitengo cha malalamiko. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wateja: "Tumepokea malalamiko yako na tunayashughulikia." Sentensi hiyo nilikuwa naiandika vizuri kuliko mtu yeyote. Sasa wameleta mashine inayoiandika yenyewe, tena kwa adabu kunizidi. Pamoja na mashine wametuletea bosi mpya, kijana mmoja anayevaa viatu vya ngozi bila soksi, nasi tunamwita Bila-Soksi. Ametukusanya akatuambia kwamba kazi ya kurudiarudia ni ya mashine, na ya binadamu ni kuwaza. Kila Jumatatu kila mmoja anasimama na kutoa wazo jipya. Tumejengewa hata Chumba cha Fikra. Hakina viti, kina mito mikubwa sakafuni, na ukishaikalia huinuki mpaka uvutwe mkono na wenzako. Katikati ya Agosti kitengo kinapunguzwa nusu, na watakaobaki ni wenye mawazo.

Mimi sina. Mlinilea vizuri mno. Nilipokuwa mtoto nikiuliza "kwa nini" naambiwa nile ninyamaze, nami nikala, nikanyamaza, nikapata vyeti. Jumatatu iliyopita nilisimama nikapendekeza tununue ufagio mpya. Bila-Soksi alifumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu.

Najua uliacha kubuni vitu tangu kisa cha kile kitanda cha kukunja. Lakini kuwaza si sigara, haiachwi. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Katika ukoo wetu ulipewa wewe zote, ingawa hazionekani. Nitumie wazo moja tu, hata lililochakaa.

Mpwa wako,
Vyeti

27 Februari

Mpwa wangu Vyeti,

Marahaba. Mimi mzima, na upara mzima. Mkaza mjomba wako naye mzima, anafuga kuku wanaomsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mimi. Mwambie dada yangu sijamsahau, na kwamba vumbi lilikuwepo siku zote.

Barua yako imenikuta getini. Kiwanda ni cha sabuni, na mimi ni mlinzi wa geti lake. Lori likija nafungua, likishaingia nafunga. Geti linafunguka kwa nje, kwa hiyo kila lori linalosubiri lazima lirudi nyuma kidogo, na nyuma yake kuna mtaro. Hilo nililiona siku ya kwanza. Sikusema kitu. Nilipewa kofia, sikupewa mdomo.

Unaniomba wazo. Sina, tena sitaki. Baada ya kile kitanda nilimwahidi mke wangu kwamba sitabuni kitu tena, na ahadi ni deni. Hapa nyumbani hata msumari ukilegea tunaita fundi, nami nasimama pembeni mikono mfukoni kama mgeni rasmi. Ndoa yangu imetulia hivyo, usinitie majaribuni. Wewe una elimu. Kaa uwaze mwenyewe, si mmewekewa mito?

Tangu niache kuwaza nina amani sana. Kwa mfano, niliposoma barua yako sikuwaza hata kidogo habari za watu wanaokuja dirishani kwenu wamefura. Sikuwaza kwamba anayekuja kuchukua kifurushi na anayekuja kugomba wanapangwa foleni moja, na huyu wa kugomba mpaka afike mbele ameshawaambukiza wote. Na sikuwaza kabisa kwamba mngeweka madirisha mawili, moja la vifurushi na jingine la hasira tu, liandikwe hivyohivyo, DIRISHA LA HASIRA, akae mtu asiyejibu chochote isipokuwa "Una haki, endelea." Mtu akishamaliza hasira yake ndipo aende kuulizia kifurushi. Mambo ya namna hiyo siku hizi hayapiti kabisa kichwani mwangu.

Kazi njema. Barua usitume nyumbani.

Mjomba wako,
Mwenye Kofia

18 Machi

Mjomba usiyewaza,

Shikamoo. Sote hatujambo, isipokuwa ukuta wa jirani, ambao Mama ameuona kwa miwani yake kwamba umeinama upande wetu. Ameutangazia vita.

Asante kwa barua yako ambayo haikuwa na kitu. Hicho kitu ambacho hakikuwemo tumekijaribu kidogo hapa. Fundi rangi aliandika DIRISHA LA HASIRA kwa herufi nyekundu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa pale, nikakalishwa mimi. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyeletewa feni isiyo na mapanga. Akasoma maandishi, akanitazama.

"Hapa ndipo pa kugombeza?"

"Ndipo hapa, karibu."

"Nianze tu?"

"Anza, mzee wangu. Una haki."

Alinisema, Mjomba. Alinisema mimi, kampuni, barabara na shemeji yake. Mimi naitikia tu, "Una haki, endelea." Mwisho akaishiwa, akajifuta jasho, akaniuliza kama nimekula. Siku hizi foleni ya vifurushi inakwenda yenyewe. Dirisha langu limekuwa maarufu mpaka linaletewa watu ambao hawajawahi kutumiwa hata bahasha. Kuna mama mmoja anakuja kila wiki kumsema mkwewe. Namwambia ana haki, aendelee. Sijui kama ana haki.

Bila-Soksi alinisimamisha mbele ya wote nikapigiwa makofi. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ila Jumatatu hazina huruma, zinarudi. Sasa wananitazama mimi, na tatizo letu kubwa ni vitu kuvunjika. Mkuu wa wapakiaji ni pande la mtu, tunamwita Winchi. Yeye na wenzake wanarushiana vifurushi kama matofali. Tumeandika INAVUNJIKA kwenye maboksi, wanarusha. Tukawapa semina, wakala vitafunio vyote, wakarudi kurusha. Kama kuna jambo lolote ambalo hujaliwaza kuhusu hili, tafadhali nijulishe.

Vyeti

10 Aprili

Vyeti,

Marahaba. Tuko salama. Geti bado linafunguka kwa nje. Juzi lori la magadi lilirudi nyuma likaingia mtaroni, likabaki limeinua pua. Meneja akaja mbio akiuliza, "Hivi hili halikuonekana?" Nikampigia saluti.

Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka dereva mmoja akaniuliza kama naumwa. Nina swali dogo la kizee: hayo makofi, waliyapiga wakijua wanampigia nani? Usinijibu. Nauliza tu kwa sababu huku getini hakuna redio.

Kuhusu huyo Winchi, sina la kusema. Sikukaa nikajiuliza ni kitu gani ambacho mtu mzima, hata awe mkaidi vipi, hathubutu kukirusha. Halikunijia jibu kwamba ni mayai. Wala sikuwaza kwamba mtu akisoma INAVUNJIKA anaona amri ya bosi, lakini akisoma MAYAI anauona uchafu atakaoufagia mwenyewe. Kwa hiyo lile wazo la kuandika MAYAI kwenye kila boksi halikuwepo, na kitu ambacho hakikuwepo hakiwezi kuleta madhara.

Leo asubuhi mkaza mjomba wako ameniuliza kwa nini siku hizi napiga mluzi. Nimemwambia ni jino. Nimeacha mluzi.

Mjomba

22 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na kwanza kaa chini. Mama anakusalimu. Ule ukuta umeanguka, lakini umeangukia kwa jirani mwenyewe. Mama amevua miwani kwa heshima.

Tuliandika MAYAI. Mwanzoni ilikuwa ajabu. Winchi alilibeba boksi la kwanza kwa mikono miwili, anatembea kama bwana harusi. Hakikuvunjika kitu, hata kikombe. Kisha wateja wakaanza kuja dirishani kwangu. Mtu amepokea viatu vyake vizima, saizi yake, amefurahi, halafu kasoma boksi.

"Mayai yangu yako wapi?"

"Hakuna mayai, mzee. Ni maandishi tu."

"Imeandikwa mayai. Viatu nimeviona. Nauliza mayai."

"Una haki, endelea."

"Naendelea wapi? Nipe mayai!"

Mjomba, lile dirisha halikutengenezwa kwa ajili ya watu wenye hoja. Mmoja alikuja na kikapu kabisa. Huko stoo nako wapakiaji wakaanza kunong'ona kwamba haiwezekani, duniani hakuna kuku wa kutaga namna hiyo. Winchi akafungua boksi moja akakuta pasi ya umeme. Wakarudi kurusha, safari hii kwa uchungu wa watu waliodanganywa. Na siku hiyohiyo, amini usiamini, likaingia gari la mayai ya kweli kutoka shamba la kuku. Yameandikwa MAYAI na wenye mayai yao. Sitaki kueleza zaidi. Ujue tu kwamba ule ufagio niliopendekeza mwanzo wa mwaka ulikuwa bado haujanunuliwa.

Nilijua nimekwisha. Bila-Soksi aliponiita nilikwenda na mkoba wangu na kikombe changu cha chai, nisije nikarudi tena kuvifuata. Akanikumbatia! Akasema kampuni inayoogopa kukosea haiwezi kuvumbua, akanipa kinyago cha udongo kilichoandikwa KOSA BORA. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nyumbani nikivunja sahani nilichapwa, huku navunja gari zima la mayai nakumbatiwa. Lakini wenye mayai wamelalamika kwa wakubwa wa juu kabisa, na hao hawakumbatii mtu. Bila-Soksi mwenyewe amenidokeza kwamba ikifika Agosti kinyago hakitanisaidia. Nahitaji wazo moja zima, lisilo na mayai.

Jumatatu iliyofuata nilisimama sina kitu kichwani, nikawasimulia kile kitanda chako. Nikawaeleza kilivyojikunja mkaza mjomba akiwa ndani, na miguu yake ilivyobaki nje ikitikisika. Walicheka wakabingirika kwenye ile mito. Bila-Soksi naye akasema vyumba vya siku hizi ni vidogo, kitanda cha kukunja ni mali, niombe mchoro. Mimi mwenyewe na godoro langu ningekuwa mteja wa kwanza. Je, unao?

Vyeti

28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Mwanzo nilisema ni posta, kisha nikasema labda na wewe umeingia mtaroni. Lakini Mama anasema mliongea kwenye simu ya mkaza mjomba, ukamweleza habari za kuku kuanzia jogoo mpaka vifaranga, na mimi hukuniulizia.

Kama nimekosea niambie. Jumatatu hizi nasimama nasema "bado nalifikiria", na Bila-Soksi hafumbi macho tena, anatazama saa. Majina ya watakaoondoka yameanza kunong'onwa. Lakini si hilo linalonisumbua zaidi. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa kujibu barua. Sikujua kwamba kungoja jibu kunauma hivi.

Mpwa wako

15 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Leo sina utani, univumilie.

Siku ya kitanda mimi nilikuwepo, ninyi mlisimuliwa. Kila ukoo ukikutana lazima atokee wa kusimulia ile miguu iliyotikisika, na mkaza mjomba wako hucheka kuliko wote. Umewahi kujiuliza kwa nini? Anacheka ili mimi nisiinuke nikatoka nje. Siri ya mtungi aijuaye kata. Vidole vya mkono wake wa kulia, vilivyobanwa na bawaba za kile kitanda, havikupona sawasawa, havishiki kitu. Hawezi kujifunga kitambaa cha kichwani. Namfunga mimi kila asubuhi kabla sijaenda getini, na mpaka leo fundo langu linakaa upande. Hutoka nalo hivyohivyo mbele za watu, na hajawahi kulilalamikia.

Ndiyo maana nimevaa kofia. Si kwamba mawazo yaliisha. Yanakuja kila siku, yanabisha, nami siyafungulii. Nilipoanza kukuandikia nilijidanganya kwamba nimepata mlango wa nyuma. Barua zako nilikuwa nazingoja kwa hamu, sikufichi. Halafu ukakichukua kitanda ukakipeleka kwenye mito watu wabingirike.

Sina hasira na wewe. Nina uchungu, na uchungu hauna dirisha. Usiniombe tena. Mchoro niliuchoma.

Mjomba wako

19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu sana. Barua yako sikumwonyesha mtu. Nilimwambia tu kwamba kisa cha kitanda kimezeeka, tukizike. Akanitazama kwa ile miwani, akasema sawa. Unamjua Mama akisema sawa. Hakuna atakayekisimulia tena.

Nimekosa. Nilikicheka miaka yote kwa sababu nilikikuta kinachekwa, sikuwahi kuuliza mkono uko wapi katika kile kisa. Nisamehe, wewe na mkaza mjomba, hata kama yeye hajui ninachoombea msamaha.

Nataka pia ujue nilichofanya. Jumatatu nilisimama nikawaambia kwamba la dirisha na la mayai yalikuwa ya mjomba wangu, na makofi yalipotea njia. Winchi, ambaye tangu yale mayai naye huitwa mkutanoni, akauliza kutoka kwenye mto wake, "Kwa hiyo wewe dada umewaza nini?"

Swali la haki. Na nilikuwa na jibu, Mjomba, kwa mara ya kwanza. Lile fundo la upande lilikuwa limenikaa kifuani. Nilikuwa nimewaza hivi: nisingecheka kama ningejua. Na Winchi anarusha kwa sababu hajui. INAVUNJIKA haimwambii kitu, na MAYAI ni uongo. Basi tumpe mtumaji kalamu, aandike mwenyewe juu ya boksi mstari mmoja wa kweli, kilichomo ndani na anayekingoja.

Tukajaribu. "Miwani ya baba, amechoka kusomewa gazeti." "Viatu vya mwanangu, anaanza shule." "Sufuria la mama mkwe, likibonyea mimi basi tena." Winchi husoma kwa sauti kabla ya kubeba, na wenzake husogea kusikiliza. Sufuria lile walilibeba watatu. Bado wanavunja vitu, sikudanganyi, lakini wakivunja wanakuja wenyewe dirishani wamenywea, wananiuliza tutamwambia nini yule mama mkwe. Wateja wa hasira wamepungua mpaka nimebaki na yule anayemsema mkwewe.

Majina yametoka jana. Mimi nimebaki. Makofi hayakupigwa, maana wenzetu walikuwa wanafungasha vikombe vyao, na wengine wao walikuwa na vyeti kunizidi. Nilimsaidia mmoja kubeba mkoba mpaka nje.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue kwamba hili moja nililiwaza mimi, na nilipokuwa naliwaza nilikuwa nawakumbuka ninyi.

Vyeti

21 Septemba

Vyeti mwenye wazo,

Marahaba, tena marahaba. Kuku wamezaana, nitakueleza siku nyingine.

Barua yako haikunifikia getini. Nilirudi nyumbani nikaikuta mezani imefunguliwa, na mkaza mjomba wako amekaa nyuma yake kama hakimu. Kumbe mtu wa posta hupita nyumbani kwanza kunywa chai, na kila barua yako imefunguliwa kwa mvuke wa birika langu mwenyewe, ikasomwa, ikabandikwa, ndipo ikaja getini. Mimi siku zote nilidhani kampuni yenu inanunua bahasha mbovu.

"Hili la kuandika kwenye boksi ni la mtoto mwenyewe?" akaniuliza.

"La kwake."

"Na la hasira ni lako."

"Sikuliwaza. Nilisema tu kwamba sikuwa..."

"Usinichoshe, nimesoma yote. Ya mayai nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Nani alikuambia uache?"

"Si wewe! Ulikuwa umelala na plasta mkononi, ukasema hutaki kuona tena kitu nilichokibuni."

"Nilisema nikiwa na maumivu, baba. Ulitaka niseme nini, asante? Nikakaa nangoja uanze tena mwenyewe. Ukavaa kofia. Miaka yote hii naishi na mlinzi wa geti, na mimi sikuolewa na mlinzi wa geti."

Nilitaka kutoka nje nikalie na kuku. Akanizuia mlangoni, nikalia papo hapo.

Asubuhi yake nilimwendea meneja nikamwambia geti ligeuzwe lifunguke kwa ndani. Akashangaa, "Mbona siku zote hukusema?" Nikamwambia nilikuwa na kazi.

Sasa usije ukadhani natengeneza kitu. Sitengenezi. Hicho kitu nisichokitengeneza kina miguu minne, bawaba zake safari hii zina komeo la chuma kila upande, na mkaza mjomba wako amenikataza kukijaribu. Anasema kukijaribu si kazi yangu. Pima upana wa chumba chako uniandikie, bila sababu yoyote. Tuma nyumbani, tumechoka na gundi.

Mjomba wako,
Kichwa Wazi

2 Novemba

Mjomba, na wewe Mkaza Mjomba, maana najua ndiwe unayesoma wa kwanza,

Shikamooni. Mama hajambo. Jirani anajenga ukuta mpya, na Mama ameweka kiti nje anausimamia kana kwamba ni wake.

Kitanda kinalalika. Jana nilijigeuza upande wa kulia na wa kushoto kwa makusudi, nikaruka kidogo, hakikusema neno. Asubuhi nakikunja ukutani, mlango unafunguka mpaka mwisho. Sasa naingia chumbani kwangu kwa kifua kama mwenye nyumba.

Lakini nataka niwaeleze kilivyofika. Nilikuwa dirishani, yule mama yuko katikati ya kumsema mkwewe, nikasikia stoo kumenyamaza. Stoo yetu haijawahi kunyamaza. Nikamwomba radhi, nikaenda. Boksi refu lilikuwa chini, Winchi na wenzake wamelizunguka, hakuna aliyeligusa. Juu yake kulikuwa na maandishi ya kalamu nene, yamelala upande, herufi kubwakubwa za mtu anayeandika kwa mkono ambao haujazoea.

"Dada, hili ni lako," Winchi akaniambia. "Tumelisoma. Huyu aliyeandika ni nani?"

Nikamwambia ni mke wa mjomba wangu, yule wa kitanda mlichokicheka. Akavua kofia. Nikamwomba alisome tena kwa sauti, kwa sababu mimi nilikuwa sioni vizuri. Akalisoma polepole, stoo nzima inasikia:

"Kitanda cha mpwa wetu. Nimekilalia mimi kwanza."

Mpwa wenu,
Vyeti